Perere kwenye Mkono Unaotetemeka

Kama unasoma haya ukiwa umejifungia chooni kwenye sherehe ya watu, usione haya. Nimekaa humo. Nimekaa kwenye vyoo vya kumbi nyingi za Morogoro mjini, na ningeweza kukutajia ni kipi kitasa chake kibovu na kipi kina dirisha la kupitia. Kwa hiyo kaa, vuta pumzi, maliza kusoma. Mtu akigonga, sema "kuna mtu". Hiyo nayo ni sentensi. Kuna siku mimi hata hiyo ilinishinda, nikakohoa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa. Nina shahada mbili na kitanda kimoja, naishi Kilakala, karibu kabisa na mlima, na kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule na kuandika makala za magazeti. Ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya mwaka mzima bila kuonana na mwenzake. Wasomaji wengine wameniandikia kwamba nina ujasiri wa kusema ukweli. Nawashukuru. Hawajaniona nikiagiza chai.

Zamani nilikuwa mwalimu wa sekondari, kwa mihula mitatu. Wanafunzi hawakuwa wabaya, ila walikuwa arobaini na kila mmoja alikuja na macho yake mawili. Sikuoa pia. Jamaa wanasema nilichagua sana. Ukweli ni kwamba kuoa kunataka mtu akae mbele ya ukumbi, kwenye kiti chenye maua, alishwe keki huku watu wakimtazama anavyotafuna.

Ugonjwa wangu una jina refu hospitalini, lenye neno "kijamii" ndani yake, utadhani ni mradi wa maji. Mimi nauita hofu ya watu. Siogopi watu wabaya. Naogopa watu wema waliokaa kwenye viti wakisubiri niseme kitu. Unaanzia tumboni. Mate yanakauka, ulimi unakuwa kipande cha ubao, jasho linatoka nyuma ya magoti, mahali ambapo sikujua kama mwili unatolea jasho. Kisha mkono wa kulia unaanza kutetemeka. Karani wa benki akiniangalia, sahihi yangu inakuwa ya mtu mwingine, nami naanza kuonekana mwizi wa akaunti yangu mwenyewe.

Kwa miaka mingi niliishi na ugonjwa huu kwa dawa moja tu, nayo ni kutuma wengine. Dada yangu Felista, anayeishi Mafiga, ndiye aliyenisemea misibani. "Kaka yupo, ila koo linamsumbua." Binti yake, Salome, ndiye aliyeninunulia viatu, akavipima kwa kamba niliyokata urefu wa mguu wangu. Hawakulalamika. Familia nyingi zina mtu kama mimi, zinamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, na jiwe linadhani limesimama kwa nguvu zake.

Kisha ikaja posa ya Salome.

Baba yake Salome alifariki zamani, lakini hata angekuwepo, kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama, na neno la mwisho juu ya binti liko kwa mjomba. Baba anaweza kukaa kwenye kochi zuri, akala, akacheka. Anayepokea barua ya posa, akaifungua, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote na kuijibu, ni kaka wa mama. Kaka zake Felista tulikuwa watatu. Wawili tumewazika Mgeta. Nimebaki mimi na koo langu.

Walikuja Novemba, mvua za vuli zimeanza. Kijana anaitwa Joeli, anafanya biashara ya vitunguu pale Dumila. Washenga walikuwa wanne, mkubwa wao Mzee Lameck, mtu mrefu mwenye koti la kijivu na sauti ya taratibu. Barua ilikuwa kwenye sahani, imefunikwa kitambaa cheupe. Sebule ya Felista ina viti kumi, na tulikuwa watu kumi na sita. Nilihesabu. Huwa nahesabu watu kwanza, halafu milango.

Mzee Lameck alisalimu, akasema wameona ua zuri kwenye bustani hii, akaisogeza sahani mbele yangu. Wote wakanigeukia. Mimi nilitakiwa kusema, "Karibuni, tumewasikia," basi. Maneno mawili. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya sufuria.

Nilisema, "Ka."

Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia moyo masikioni, nikaona mkono wangu juu ya goti unaruka kama samaki aliyetolewa majini, nikajua kwa hakika kabisa kwamba nitakufa pale, mbele ya kitambaa cheupe, na kwamba kufa kwangu kutawaharibia chakula. Nikasimama. Nikapita jikoni, nikaruka sufuria la pilau, nikatokea uani, na sikusimama hadi Kilakala. Nilikuwa nimevaa viatu vya Salome, vile vya kupimwa kwa kamba.

Nilidhani watasema naumwa tumbo. Kumbe nilikuwa nimesema zaidi ya hapo. Kwa watu wa Dumila, ambao nao ni watu wa mjomba kama sisi, mjomba akiinuka mbele ya barua bila kutamka neno, ametamka. Amekataa. Mzee Lameck alisubiri kwa adabu, Felista akaeleza habari za tumbo, mzee akatikisa kichwa, akairudisha barua kwenye mfuko wa koti. "Mama, tumeelewa," akasema. "Jibu la mgongo nalo ni jibu." Pilau lililiwa na majirani.

Salome alinipigia simu jioni ile. Hakulia, na ningependa angelia.

"Mjomba, Joeli amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi kwa nini umemkataa mbele ya wazee wake?"

"Sijamkataa, mwanangu."

"Sema basi. Waambie wao. Mimi nakujua, wao hawakujui."

Nikamwambia nitamtuma mama yake. Akasema, "Usiku mwema, mjomba," wakati jua lilikuwa bado halijazama.

Felista alikwenda kweli, hadi Dumila. Walimkaribisha vizuri, wakamwambia hawana kinyongo, lakini mdomo wa mama hauwezi kufuta mgongo wa mjomba. Watarudi mara moja tu, masika yakiisha na vitunguu vikitoka shambani. Mjomba akinyamaza tena, Joeli atatafutiwa kwingine. Ndiyo hesabu niliyopewa: kuanzia mvua za vuli hadi kipupwe cha Juni, nijifunze kukaa kwenye kiti.

Desemba nilikwenda hospitali. Niandike ukweli: nilikwenda mara nne, nikaingia mara moja. Wale waliojenga mabenchi ya kliniki hawakuwafikiria watu kama sisi. Benchi ni refu, mnakaa bega kwa bega, na kila mgonjwa akiingia ndani wote mnasogea. Kusogea kule, makalio kumi na mawili kwa pamoja, kulinifanya nione kama napelekwa kwenye kinu. Halafu anatokea muuguzi mlangoni na kutamka jina lako lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti ya mnada. Mara tatu nilisikia jina langu likiitwa nikiwa tayari nipo getini, nikaendelea kutembea, kama vile mtu huyo simfahamu.

Mara ya nne kulikuwa na mama mmoja kando yangu mwenye karanga za kukaanga kwenye gazeti. Hakunisalimu, hakuniuliza ninaumwa nini. Alinyoosha gazeti mbele yangu bila kunitazama, nikachukua, akarudisha, akanyoosha tena. Huwezi kukimbia ukiwa na karanga za mtu kinywani. Jina lilipoitwa nilikuwa natafuna, nikainuka na karanga zangu, nikaingia.

Daktari alinipa vidonge. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya kuliko ugonjwa: kichefuchefu asubuhi, usingizi wa mchana, mdomo mkavu kama nimelamba chokaa. Nilipungua hadi nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Kama uko kwenye wiki hizo, sina la kukuambia isipokuwa kwamba zina mwisho. Februari niliamka nikagundua nimemjibu muuza maziwa "salama, habari za kwako" kutokea dirishani, na sikuwa nimeipanga.

Kila Alhamisi ya pili nilikwenda kwa mshauri, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinichoresha ngazi kwenye daftari. Chini kabisa: kuuliza bei sokoni na kuondoka bila kununua. Juu yake: kurudisha soda iliyo moto na kudai ya baridi. Juu kabisa niliandika, "sebule ya Felista". Ngazi moja chini ya hiyo tuliiacha wazi.

"Hapa weka kitu ulichotaka siku zote," akasema, "ukaacha kwa sababu ya macho ya watu."

"Sina."

"Kaka yangu, una miaka arobaini na tisa. Unazo gunia."

Nilicheka, halafu nikasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilisema nataka tatuu.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana mwenye nyota begani. Nilimwonea wivu, si kwa nyota, ila kwa jinsi alivyovua shati, kana kwamba macho ya watu ni upepo tu unampita. Mimi nilikuwa naoga na fulana. Mshauri hakushangaa. Aliandika neno "tatuu" kwenye ngazi yangu kwa mwandiko mzuri, kama vile ni chanjo ya homa ya manjano.

Wa kuchorwa nilishamjua tangu siku nyingi: perere. Ni mnyama wa mitini, mkubwa kama sungura, anaishi kwenye matundu ya miti mikubwa huko Uluguru juu, na usiku anapiga kelele kama mlango wa kaburi unaofunguliwa. Mama alitusimulia kwamba siku wanyama walipoitwa kugawiwa mikia kulikuwa na mvua na ukungu. Perere alichungulia nje, akaona umati, akawaambia wenzake, "Mkirudi mniletee na wangu." Wakaenda, wakagawana, wakamsahau. Mpaka leo hana mkia. Watoto wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa na miaka sita na nilidhani ni habari ya ukoo wetu.

Masika yalikuwa yanapungua nilipokwenda, mwanzoni mwa Mei. Nilikuwa nimefikiria chumba kidogo, mchoraji mmoja, pazia. Kumbe mchoraji, Mama Rozi, anafanyia kazi yake kwenye kona ya saluni ya kina mama. Alianza kwa kuwachora maharusi piko na hina, akaja kununua mashine ya sindano, na kona ikabaki ileile. Nilipofungua mlango kulikuwa na wanawake wanne: wawili wanasukwa, wawili wanasuka. Kioo kilikuwa ukuta mzima, kwa hiyo macho yao manane yakawa kumi na sita. Idadi ileile ya watu wa sebuleni. Mlango mmoja.

"Karibu baba," mmoja akasema. "Unasuka au unanyoa?"

Nikanyoosha karatasi yangu ya mchoro kama mtu aliyeleta hati ya mahakama.

Mama Rozi alitokea chumba cha nyuma, mwanamke mnene wa miaka kama arobaini, glavu tayari mkononi. Akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Huyu ni panya?"

"Perere," nikanong'ona.

"Perere! Basi wewe Mluguru." Akawageukia wenzake. "Jamani, mtani wangu kashuka mlimani. Mimi Mzigua wa Handeni, hapa leo amefika. Mtani, tenga la njegere umeliacha wapi?"

Walicheka wote. Sasa, mtu asiyeishi huku aelewe: Mzigua na Mluguru ni watani. Ana ruhusa ya kunisema hata kwenye msiba wangu mwenyewe, na mimi nina ruhusa ya kumjibu, tena natakiwa nijibu. Mtani asiyejibu anaonekana amekasirika. Nilikuwa na majibu mazuri kumi. Yalinijia yote saa nne baadaye, nikiwa nyumbani.

Alinikalisha, akaninyoa vinyweleo, akapaka dawa baridi, akabandika karatasi ya kunakilia upande wa ndani wa mkono wangu wa kulia. Akaibandua. Mistari ya zambarau ikabaki kwenye ngozi: masikio, mgongo, makucha. Na mkia.

Mkia mrefu, mwembamba, uliojikunja mwishoni kwa madaha.

"Nimekurekebishia," akasema. "Ulikuwa umesahau mkia. Umependa?"

Nikasema, "Safi."

Ndiyo. Mtu anachorwa mwilini kitu cha kudumu, kitu kimekosewa, anaulizwa waziwazi kama kimekosewa, anasema safi. Kama huna ugonjwa huu utaniona mjinga. Kama unao, unajua kwamba neno hilo lilitoka lenyewe, kama mkono unavyokinga uso. Ningezaliwa upya ningesema safi.

Mashine ikaanza kulia. Maumivu yalikuwepo, mfano wa kukwaruzwa na msumeno mdogo wa moto, lakini sikuwa na nafasi ya kuyasikiliza. Nilikuwa natazama sindano inaanzia wapi. Ilianzia sikioni. Nikapiga hesabu: sikio, kichwa, mgongo, miguu, halafu mkia. Mkia ungekuwa wa mwisho. Nilikuwa na kama saa moja ya kutafuta sentensi moja.

*Mama Rozi, perere hana mkia.* Fupi, ya heshima, haina lawama. Niliisema kichwani mara mia. Kila nilipofungua mdomo mmoja wa kina mama alicheka jambo jingine, nikafunga. Niliwaza Juni. Niliwaza kwamba kama nimeshindwa kumwambia mwanamke mmoja habari za mnyama kwenye mkono wangu mwenyewe, Mzee Lameck nitamwambia nini? Nikaona Salome anatoa vyombo vya pilau ambalo wageni hawakulila. Sindano ikamaliza kichwa. Ikateremka mgongoni.

"Mtani, mkono wako unatetemeka," Mama Rozi akasema. "Nachora perere au nachora tetemeko la ardhi?"

Akaweka kiwiko chake, na uzito wake wote, juu ya kifundo cha mkono wangu, akaendelea. Hakusema pole wala hakuuliza sababu. Sijawahi kushikwa vizuri namna ile. Mkono ulitulia chini yake kama mtoto aliyebanwa na blanketi.

Miguu ikaisha. Akafuta damu, akachovya wino, akainamisha sindano pale mkia unapoanzia. Nikafungua mdomo. Hakuna. Sindano ikagusa. Nikahisi mstari unaanza, unatembea, mfupi bado, bado mfupi.

"Hana mkia!"

Nilipiga kelele. Sikukusudia kelele, lakini sauti iliyokaa saa nzima mlangoni ikisukumwa haitoki kwa hatua. Vitana vilisimama. Mashine ilizimwa. Kwenye kioo nikaona watu wote wananitazama, na mimi najitazama.

"Nani hana mkia?" Mama Rozi akauliza.

"Perere. Hana. Hazaliwi nao."

Akaangalia mkono. Mkia ulikuwa umefika urefu wa ukucha wa kidole gumba. Akaniangalia mimi. "Na wewe umekaa hapo saa nzima unanitazama?"

"Ndiyo."

"Mluguru wewe! Hata nyumba ikiungua utasema safi?"

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena. Mama aliyekuwa anasukwa alijifuta machozi kwa khanga. Nami nilikaa katikati yake, mkono unavuja damu, nikisubiri kufa. Nilisubiri kabisa, kwa uzoefu. Halafu kicheko kikaisha, na aliyekuwa anasukwa akasema, "Sasa baba, kwa nini hana mkia?"

Nikawasimulia. Sauti ilikuwa mbaya, inakatikakatika, na nilisahau kutaja ukungu, nikarudi nyuma kuutaja. Hakuna aliyejali. Nilipofika pale perere anaposema "mniletee na wangu", Mama Rozi akapiga paja. "Eeh! Mume wangu kabisa!" Nilikuwa nimesimulia hadithi kwa watu watano. Mara ya mwisho nilikuwa na chaki mkononi.

Kwa hiyo mkononi mwangu kuna perere mwenye robo ya mkia. Mama Rozi alitaka kuufunika kwa jani, nikakataa. Hilo nalo nilikataa kwa sauti, ingawa ya chini. Nikarudi nyumbani na mkono umefungwa nailoni, nikatapika, nikalala mchana kutwa. Usije ukadhani tatuu ilinitibu. Wiki ile ile nilishindwa kuingia duka la dawa kununua mafuta ya kupaka kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu watatu.

Felista aliiona ngozi ikiwa bado inabanduka magamba. Alikuwa ameniletea mboga. Akaweka kikapu chini.

"Hiki nini?"

"Tatuu, dada."

"Naona. Umetoka jela lini?" Akakaa. Alikuwa amechoka, na mimi ndiye niliyemchosha, kwa miaka. "Mwanangu yuko ukingoni, anasubiri mdomo wako. Wewe unakwenda kuchorwa panya kama mhuni wa stendi. Watu watasema nini?"

"Ndicho nilichokwenda kukitafuta."

"Nini?"

"Watu waseme. Nione kama nitakufa."

Kisha akaanza kuchambua mboga pale pale, kwa hasira, akatupa hata majani mazima. Mwishoni akasema, "Juni utavaa mikono mirefu." Nikajua ataniweka tena kwenye kile kiti.

Washenga walirudi Jumamosi ya pili ya Juni, baridi imeshuka kutoka mlimani, watu wamevaa masweta. Sebule ni ileile. Mara hii walikuja watano, na sisi tulikuwa kumi na tatu. Asubuhi nilikunywa kidonge changu, nikakariri hotuba yangu, nikaenda chooni mara sita. Mlango wa jikoni Felista hakuufunga. Nilimwomba aufunge, akasema hapana, hatanifungia kama mbuzi.

Mzee Lameck alivaa koti lilelile. Alisalimu, akaitoa barua mfukoni, akaiweka kwenye sahani, safari hii bila kitambaa.

"Mara ya kwanza tulijibiwa kwa mgongo," akasema. "Leo tumekuja kuuona uso. Mjomba, tunakusikiliza."

Hotuba ikapotea. Yote, kama maji kwenye mchanga. Vikaja vile vile nilivyovizoea: ubao mdomoni, ngurumo masikioni, mkono unaruka. Mlango wa jikoni ulikuwa hatua nne. Nilijiona nikiwa tayari uani. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, nilijua Salome amekaa kitandani, anasikiliza ukimya huu kwa mara ya pili. Watu kumi na saba walingoja. Mtu akakohoa. Felista akainamisha kichwa.

"Siku ile sikuwakataa," nikasema.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mzee zaidi.

"Naumwa. Ugonjwa wangu ni kuwaogopa watu. Siku ile niliwaogopa, nikatoka. Hata sasa hivi nawaogopa."

Mzee Lameck aliinama mbele, mikono juu ya magoti.

"Unatuogopa sisi?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi wauza vitunguu?"

"Ninyi, mzee. Na hawa wa kwangu pia."

"Haya," akasema. "Sisi tangu Novemba tumekaa tunakuogopa wewe. Joeli alikonda." Mtu akacheka upande wa kina mama, akajizuia. Mzee hakucheka. Aliisogeza sahani kwa kidole. "Basi tuogopane, lakini barua isomwe."

Nikamwita Salome. Akatoka, akapiga magoti mbele yangu, macho chini kama ilivyo desturi. Kisha akayainua.

"Mwanangu, niisome au niirudishe?"

"Isome, mjomba."

Niliichukua kwa mikono miwili. Karatasi ilitetemeka, ikatoa mlio ambao chumba kizima kiliusikia, na sikuwa na namna ya kuuficha. Mwandiko wa Joeli ulikuwa mdogo, umebanana. Nikaanza. Nilipoteza mstari wa tatu nikarudia, nikapoteza wa saba nikarudia. Felista akanisogezea maji, nikamwaga kidogo kwenye suruali, nikaendelea. Hofu haikunitoka hata kwenye neno moja. Nilisoma nayo, taratibu, hadi kwenye sahihi, na nilipoinua macho wote walikuwa bado wananitazama, nami nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti changu.